Saa Saba Kamili Mchana, Nageuka

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mtu niliyewahi kutembea naye porini. Maneno matatu tu: "Umegeuka tena? Umezeeka." Alikuwa ameona picha yangu ya Julai hii, nimesimama nje ya kibanda cha Dixons Kingdom, ndani kabisa ya hifadhi ya Walls of Jerusalem kule Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia ambako Julai ni majira ya baridi, theluji imelala juu ya miti ya pencil pine ambayo mingine imeishi zaidi ya miaka 1,000. Anga safi, upepo hakuna. Kilele cha Mount Jerusalem, mita 1,459, kilikuwa juu yangu kidogo tu. Ningefika, nalijua hilo. Niligeuka nikarudi nilikotoka, na ujumbe ule umeniuma mpaka leo. Basi nitaujibu hapa, kwa sababu najua wengi wenu mnapanga kulala kwenye theluji peke yenu kwa mara ya kwanza.

Miaka mitatu iliyopita sikugeuka. Siku ya kwanza sina la kuisimulia: kupanda kutoka maegesho, kupita vidimbwi vya Solomons Jewels, hema kwenye majukwaa ya mbao ya Wild Dog Creek. Siku ya pili nilipita Herods Gate asubuhi, nikapakana na Ziwa Salome, nikavuka Damascus Gate. Hayo majina ya Biblia yanakuvuta. Unajiona kama hujaji, na hujaji harudi njiani.

Nilikuwa nimejiwekea saa saba mchana kuwa mwisho wa kwenda mbele. Kibandani nilifika saa saba na nusu. Nikajiambia, nusu saa tu, kilele hiki hapa. Theluji ilikuwa ya magoti na kila hatua niliilipia mara mbili. Kileleni nilifika saa tisa na robo, fulana ya ndani imelowa jasho, na ukungu ukashuka. Mwezi wa Julai kule, saa kumi na moja jioni jua limeshazama. Nyayo zangu, ambazo nilizitegemea kama ramani ya kurudi, upepo ulikuwa umezifukia.

Sitasimulia saa nne zilizofuata, maana nyingi sizikumbuki vizuri, na hilo lenyewe ndilo la kutisha. Nakumbuka glavu moja ilidondoka nikaitazama bila kuiokota. Nakumbuka kutetemeka kulikoma, nami nikafurahi, nikadhani nimepata joto. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 tayari ni hipothemia, na mtu akiacha kutetemeka huku bado yuko kwenye baridi, maana yake mwili umeanza kushindwa. Wakati huo akili haikuambii kuwa uko hatarini. Inakuambia umechoka kidogo, kaa chini upumzike.

Hemani nilifika kwa kugongana nalo. Kule kuna ndege weusi waitwao currawong, hodari wa kufungua zipu za mabegi kwa mdomo. Usiku ule vidole vyangu havikuweza. Nilifungua zipu kwa meno. Jiko la gesi likagoma, kwa sababu mtungi wangu ulikuwa wa butani, na butani karibu na nyuzi sifuri haigeuki kuwa mvuke. Kifaa cha kuitia msaada kwa setilaiti kilikuwa humo humo hemani, nimekiacha asubuhi ili kupunguza uzito. Niliingia kwenye begi la kulalia, nikatafuna sukari, nikaukumbatia mtungi hadi ukakubali kuwaka. Kifaa nilikuwa nacho mkononi sasa. Sikukibonyeza. Niliona aibu. Jamani, aibu! Peke yangu, gizani, hakuna hata mtu mmoja wa kunicheka.

Sasa nisikilizeni. Mnaniuliza begi gani, buti gani, hema la aina gani. Chukua mtungi wenye mchanganyiko wa propani. Tandika magodoro mawili chini yako, kwa sababu ardhi iliyoganda inanyonya joto usiku kucha. Chujio la maji lilale nawe ndani ya begi, likiganda limeharibika hata kama kwa macho ni zima. Kifaa cha msaada kikae mwilini, si kwenye mzigo. Usipike ndani ya hema lililofungwa, hewa ya sumu isiyoonekana inaua. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata moja litakalokuokoa kama hujajua saa ya kugeuka.

Saa hiyo ipange ukiwa nyumbani, umeshiba, una joto. Iandike. Mwachie mtu unayemwamini, pamoja na njia utakayopita na saa ambayo usiporudi apige simu. Mkiwa wawili, mwenzako atakuona ukianza kukokota maneno. Ukiwa peke yako, anayepaswa kukuona ni yule yule ambaye baridi imemchanganya. Kwa hiyo usimruhusu aamue. Ukifika saa hiyo, geuka. Hata kama anga ni safi. Hasa kama anga ni safi, maana hapo ndipo utakapojidanganya. Mlima hautakudai maelezo, na wenzako wanaokuita mzee hawatakuwepo giza likiingia.

Julai hii niliiandika kwa kalamu nyuma ya mkono wa kushoto: saa 7. Nilipogeuka pale kibandani moyo ulinichoma, sitaki kuwaficha. Nilitembea hadi Damascus Gate nikiwa na hasira na mkono wangu mwenyewe. Wild Dog Creek nilifika saa kumi kasoro, jua bado liko juu ya miamba. Glavu zote mbili ninazo. Zipu ya hema niliifungua kwa vidole, nikachemsha maji bila kuwasha tochi.