Kuhamisha namba ya chesisi ya gari la kale: je, ni halali?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh wangu. Mimi ni kijana wa Tanga, fundi wa kuchomelea, nina miaka minne hapa Uingereza katika gereji inayofufua Land Rover za zamani. Tajiri wangu amenunua mkweche wa Series III wa mwaka 1973. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, imeliwa na kutu, lakini kadi yake ni halali. Kisha ameleta Land Rover nyingine, aina ya Defender, ya mwaka 1998 isiyo na karatasi. Anataka nikate kipande chenye namba kwenye chesisi ya zamani, nikichomelee kwenye hii ya pili, nisage na kupaka rangi mshono usionekane. Anasema, "Namba nimeinunua kwa pesa yangu, nani kaibiwa?" Nimeshafanya gari mbili hivyo, na kwa kila moja alinipa pauni 200 juu ya mshahara. Zote zimeuzwa. Je, nina dhambi? Na hizo mbili nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, kazi hiyo ni haramu. Hiyo gari ya tatu iache leo, kabla hujawasha grainda. Sasa nikueleze sababu, maana maneno ya tajiri wako yana utamu na huenda yakakurudia.

Niliwahi kukaa kwenye gereji moja hapa Mombasa nikisubiri gari la msikiti. Fundi mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya Land Rover, upande wa kulia karibu na spring. Akafuta grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akasugua chaki juu ya chuma, akapangusa kwa kiganja. Tarakimu zikabaki nyeupe, moja moja. Akaniambia, "Hii ndiyo inayosema kweli, sheikh. Bodi inasema lolote." Maneno yake sijayasahau. Namba ile ni ushahidi. Chuma hakina ulimi, kwa hiyo waliokitengeneza wamekiandikia: mimi ni gari fulani, nilitoka kiwandani mwaka fulani.

Jambo la kuweka alama juu ya mali dini yetu inalijua. Anas bin Malik, Allah amridhie, alikwenda asubuhi kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akamkuta ameshika chuma cha chapa kwa mkono wake, akiwapiga chapa ngamia wa sadaka. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Chapa ile ilikuwa inalinda haki ya maskini, ili ngamia wao wasichanganywe na ngamia wa mtu. Hebu fikiria mtu angechuna ngozi yenye chapa kwa ngamia aliyekufa akamshonea ngamia mwingine. Wewe umeombwa ufanye hilo hilo kwa chuma.

Ukishaichomelea namba ya 1973 kwenye gari la 1998, umekifanya chuma kitoe ushahidi wa uongo, na kitaendelea kuutoa kila siku, hata wewe ukiwa kaburini. Mtume alipokuwa akiwatajia masahaba madhambi makubwa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye neno la uongo na ushahidi wa uongo akakaa sawasawa, akalirudia na kulirudia mpaka wakatamani anyamaze.

Tajiri anauliza nani kaibiwa. Wapo. Huko Uingereza gari lililotimiza miaka 40 tangu litengenezwe huingizwa katika daraja la magari ya kihistoria: halilipiwi kodi ya barabara, na kwa kawaida halidaiwi ukaguzi wa kila mwaka iwapo halijabadilishwa sana. Kwa namba ya kuazima, gari la 1998 linaponyoka kodi, na breki zake hazilazimiki kutazamwa na mkaguzi. Mnunuzi naye amelipa bei ya gari la 1973 na hanalo. Akijaribu kuliuza, au akipata ajali na bima wakalichunguza, atakayeulizwa ni yeye. Wapo pia wanaobandika namba za zamani ili gari lionekane limevuka miaka 25 liruhusiwe kuingia Marekani. Mnunuzi wa ng'ambo hulipa kila kitu, kisha forodha ikalikamata.

Na je, kwa nini Defender ile haina karatasi? Mtume alipoulizwa juu ya mali iliyookotwa alisema: itambue mfuko wake na kamba yake, kisha itangaze mwaka mmoja. Alama huhifadhiwa ili mwenyewe akija aitambue mali yake. Ikiwa gari lile liliibwa, basi kuna mtu analitafuta, na wewe ndiye utakayemfutia njia ya mwisho ya kulipata. Simtuhumu tajiri wako kwa wizi. Nasema tu kwamba grainda yako itafanya isijulikane tena.

Wanazuoni wa fikihi huiita hila hii tadlisi, yaani kumficha mnunuzi kasoro ya bidhaa. Mfano wake ni ngamia au mbuzi aliyefungwa chuchu siku kadhaa ili aonekane ana maziwa mengi. Mtume alikataza, akampa mnunuzi khiyari: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende. Angalia kwamba mnyama yule hakuibwa, na aliuzwa na mwenyewe, kwa mnunuzi aliyekubali bei. Bado ni ulaghai, kwa sababu ridhaa yake ilisimama juu ya kitu ambacho hakipo. Wala usidanganyike kwamba wanunuzi si Waislamu. Mtume alipohama Makka alimwacha Ali nyuma ili azirudishe amana za watu wa Makka, nao walikuwa wakitaka kumuua.

Najua utasema: lakini gari la kale hubadilishwa injini, milango, hata chesisi, mbona hilo halikatazwi? Swali zuri. Jahazi la Lamu hubadilishwa mbao miaka 30, na bado ni jahazi lilelile, kwa sababu kila ubao uliingia mahali pake ufukweni, watu wakiona, na mwenyewe akisema. Tofauti ni pale unapong'oa kibao cha jina kwenye jahazi lililovunjika ukakipigilia kwenye jahazi jingine usiku. Kwa hiyo kuitengeneza ile Series III kwa chesisi mpya ya aina yake, kwa risiti, na kwa kufuata taratibu za DVLA, mamlaka ya usajili wa magari huko Uingereza, ni halali, na kazi njema. Gari lisilojulikana asili yake lina njia yake pia: mamlaka hiyo hulipatia namba inayoanza na herufi Q, ambayo humwambia kila mtu ukweli. Bei itashuka. Na ishuke.

Mwambie tajiri wako kwa adabu, mkiwa wawili: kazi zote nitafanya, hii siwezi. Mwoneshe njia hizo mbili. Naelewa huenda una hofu ya kibali chako cha kuishi huko na kodi ya nyumba, na nimekuombea. Lakini Allah amesema tusisaidiane katika dhambi na uadui, na mkono unaoshika mashine ni wako.

Ama zile mbili, toba peke yake haitoshi, kwa kuwa kuna haki ya binadamu ndani yake. "Wala msifiche ushahidi," anasema Allah katika Suratul Baqara, aya ya 283. Nenda kwanza kwa mwanasheria akueleze namna ya kulifikisha jambo hili bila kuharibu zaidi, kisha wanunuzi wajulishwe. Ni haki yao kurudisha gari na kurudishiwa pesa. Mshahara wako wa kazi nyingine ni wako, kula. Zile pauni 400 usizile: wape wanunuzi hao. Ukishindwa kabisa kuwapata, zitoe kwa mafukara kwa niaba yao, bila kujihesabia thawabu ya sadaka.

Wallahu aalam.