Barua kwa mwanangu: waingie au wasusie?

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza: wawakilishi wa upinzani, kwa uchache wao, waingie Barazani, yaani Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, wakati uchaguzi wenyewe wanaulalamikia, au wasusie?

Kwanza ujue kazi yenyewe. Vijana mnadhani ni kusimama na kunguruma. Mwakilishi wa upande mdogo silaha yake ni karatasi. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza huenda kwenye kamati, na huko ndiko kifungu huhojiwa kimoja kimoja. Ukirudi husomwa mara ya pili, ukajadiliwa, kisha ukapitiwa tena vifungu, na hapo mwakilishi huleta jadweli lake la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko anayoyataka. Mara nyingi hushindwa kwa kura. Lakini limeingia kwenye kumbukumbu, na waziri imembidi ajibu.

Januari 2010 wewe ulikuwa bado mtoto wa chuo cha Kurani, na humu ndani redio ilikuwa haizimwi. Abubakar Khamis Bakary, kiongozi wa upinzani Barazani, alipeleka hoja binafsi ya serikali ya umoja wa kitaifa. Hoja ya mtu wa CUF, chama cha upinzani, ndani ya Baraza lenye wengi wa chama tawala, CCM, ikapita! Ni kweli Maalim Seif, kiongozi wa CUF, na Amani Karume, Rais wa Zanzibar, walikuwa wameshakutana Ikulu Novemba 2009, na bila ya hilo isingefika mbali. Lakini maelewano ya watu wawili si sheria. Ile hoja ndiyo iliyofungua njia ya kura ya maoni ya 31 Julai, asilimia 66.4 wakakubali, na Katiba ikabadilishwa. Karatasi, mwanangu. Hadi leo nikiikumbuka moyo wangu hukunjuka.

Najua utanijibu kwa 2015. Na mimi najijibu kwa hiyo hiyo kila nikikaa peke yangu. Tarehe 28 Oktoba, siku tatu baada ya kupiga kura, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akaufuta uchaguzi mzima wa Zanzibar. Kura za Rais wa Muungano na wabunge, zilizopigwa siku ileile na watu walewale, zikabaki halali. Mawakala wa vyama walikuwa na fomu za matokeo mikononi. Hapo karatasi haikutosha, nakiri, na bado inaniuma.

CUF wakasusia marudio ya 20 Machi 2016. Siwalaumu, ungemwambia nini mtu arudie kupiga kura ambayo keshaipiga? Lakini tazama kilichofuata. Sheria ya Uchaguzi Namba 4 ya 2018 ilipofika Barazani, CUF haikuwa na mwakilishi hata mmoja wa kuleta jadweli. Humo ndimo ilimoingia kura ya mapema, ya watendaji wa uchaguzi na askari. Mwaka 2020 ilipigwa 27 Oktoba, siku moja kabla ya wengine, na upinzani ukalazimika kutafuta mawakala wa siku mbili. Walalamika nje, kifungu kimeshapita ndani.

Hata hivyo susio halikukosa kazi siku zote. Baada ya uchaguzi wa 1995, Salmin Amour wa CCM akitangazwa Rais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 na Seif 49.8, wawakilishi wa CUF walikaa nje, na mwafaka wa CCM na CUF ukaja kutiwa saini Juni 1999. Wangeingia kimya kimya, nani angewaita mezani? Miaka karibu minne lakini, majimbo yao hayana wa kuuliza swali la maji wala la skuli.

Jibu lako ninalo ulimini. Mama yako kanikanya nisikuamulie, nalimeza kwa taabu. Wewe niandikie kwanza: jimbo lenu lina vituo vingapi, nani anakaa wakati wa uandikishaji akiangalia sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, anamthibitisha nani kuwa mkaazi, na mawakala wangapi wanajua kuoanisha karatasi za kura zilizopokewa na zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki, kabla hawajatia saini fomu?

Baba yako,
Wete