Muulize Shangazi: Kutengwa nako kunapimwa?

Shangazi shikamoo. Nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, mwaka wa sita sasa. Juzi kijana wa chuo kapita na makaratasi ananiuliza "mara ngapi unajiona umeachwa nje", nikacheka ila usiku sikulala, maana wenzangu wanachangishana kwenda msibani Sengerema mie nasikia washarudi, wanapangana kwenye grupu la WhatsApp na mie nina kitochi. Sasa moyo unapimwaje kama sio kwa sado jamani?
Mama Dagaa, Mwanza

Marahaba mwanangu. Unapimwa, tena kwa maswali mepesi tu. Nahisi alikuwa na yale yaliyotoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Marekani, mwaka 1978 yalikuwa 20, baadae mwaka 2004 wakayapunguza yakabaki 3: mara ngapi unakosa mtu wa kuwa naye, mara ngapi unajiona umeachwa nje, mara ngapi unajiona uko mbali na watu. Mara chache ni 1, wakati mwingine 2, mara nyingi 3, unajumlisha, ya chini kabisa 3 ya juu 9, na watafiti wengi wakiona 6 kwenda juu wanasema hapo upweke upo. Sio ugonjwa huo, usikimbilie dawa.

Ila angalia, kupuuzwa na kutengwa ni vitu viwili. Kupuuzwa upo hapohapo unasalimia hakuna anayeitika, kutengwa ni hukuitwa kabisa. Je salamu zako wanaitika, chenji wanakukopa? Kama ndio basi lako ni hilo la pili, na maswali yale yanapima unavyojisikia tu, hayasemi nani kafanya makusudi.

Na usijione mdhaifu kukosa usingizi. Yule msomi Kipling Williams alikuwa kakaa bustanini, kisahani cha kurushiana kikamdondokea, akawarudishia wenyewe, wakacheza naye kidogo halafu wakaacha kumrushia, tena watu asiowajua hata, na ikamuuma mpaka akaanza kulichunguza jambo lenyewe!

Chukua lile daftari lako la madeni, ukurasa wa nyuma, wiki mbili kila ukiachwa piga kistari na uandike habari ilipita wapi. Mie nahisi vistari vingi vitakuwa vya WhatsApp. Vikiwa hivyo mfate anayeshika hela za michango mwambie dada msiba ukitokea nibipu tu kwenye kitochi, halafu endelea kupiga vistari uone kama vinapungua.