Choo cha Boti Kinanuka? Usikimbilie Marashi

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji mmoja mwenye boti ndogo ya matanga. Ameosha choo kwa kila sabuni anayoijua, amemwaga klorini, ametundika manukato kila kona, na bado kila akifungua mlango baada ya siku chache, harufu ndiyo inayompokea. Anauliza kama aiuze boti. Nimeusoma ujumbe ule mara tatu, kwa sababu miaka minne iliyopita ningeweza kuuandika mimi.

Siku ile nilimwalika mama mkwe tukalale majini usiku mmoja. Nilisugua choo tangu asubuhi hadi bakuli likang'aa. Jioni akashuka chini, akakaa kidogo, akapanda tena sitahani na kuniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nitalala huku nje, kuna upepo mzuri." Hakuongeza neno. Alijifunika shuka mbili akalala kwenye umande mpaka alfajiri. Bora angenigombeza. Fundi niliyemwita baadaye alichukua pesa yangu, akaniuzia chupa mbili za dawa ya buluu na kuniambia kwamba boti zote hunuka, nizoee. Hilo la kuambiwa nizoee linaniuma hadi leo.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba harufu yote inatokana na kinyesi. Choo changu, kama vingi vya boti, huvuta maji ya bahari, na maji hayo yamejaa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Boti ikikaa siku kadhaa bila kutumika, viumbe hao hufa ndani ya bomba la kuingizia maji na kuoza humo pasipo hewa. Bakteria nao hugeuza salfeti iliyomo katika maji ya bahari kuwa haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza. Ndiyo maana ukirudi botini, maji ya kwanza unayopampu ndiyo yanayonuka kuliko yote, ingawa hakuna mtu aliyekitumia choo wiki nzima. Miezi mingapi nimesugua bakuli lisilo na hatia!

Siku hizi kabla ya kuondoka nafunga koki ya baharini, ile inayoruhusu maji ya bahari kuingia botini, nachomoa bomba la kuingizia, natia ncha yake kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, kisha napampu mpaka maji hayo yapite kote. Kumbuka kwamba bomba la kutolea uchafu lenye upana wa milimita 38 hubeba zaidi kidogo ya lita moja kwa kila mita. La kwangu lina mita tatu. Kupampu mara mbili na kuondoka ni kuuacha uchafu umelala katikati ya safari yake.

Hilo liliondoa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilinitesa zaidi, kwa sababu ilikuwa ndani ya kuta za mabomba yenyewe. Mpira uliozeeka, hasa pale ulipolegea ukafanya bonde na uchafu ukatuama, hupitisha harufu hata kama hauvuji tone. Kipimo chake ni rahisi mno. Lowesha kitambaa safi kwa maji moto, kikamue, ukizungushe kwenye bomba, kiache kipoe, kisha kinuse ukiwa mbali na choo. Cha kwangu kilinuka mpaka nikafumba macho. Nilibadilisha mabomba yote, nikaweka yale mazito yaliyotengenezwa kwa ajili ya vyoo vya boti, na nikayanyoosha yasiwe na mabonde. Kazi ile ilinichukua siku mbili, magoti chini, mikono ngamani. Sitaisimulia yote. Mwezi uliofuata mama mkwe alilala chini, mlango wa choo ukiwa wazi, na asubuhi akauliza lini tunarudi tena. Nakiri nilijivuna, na bado najivuna.

Tangi linalohifadhi uchafu nalo lazima lipumue. Hewa ikiingia ya kutosha, bakteria wanaoihitaji huuvunja uchafu bila uvundo mkubwa. Bomba la hewa likiziba kwa chumvi au viota vya wadudu, wale wasiohitaji hewa ndio wanaotawala. Zibua bomba hilo, na ukiweza liwe fupi, nene na lililonyooka. Lakini usiingize kichwa ndani ya tangi kuchungulia. Ile gesi ya yai viza ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, na inaweza kukuua wewe.

Kuna pia ile vali ya mpira yenye mdomo kama wa bata, inayozuia uchafu usirudi bakulini. Mimi huibadilisha kila mwaka. Kikombe cha siki mara moja kwa wiki, kikipampuliwa polepole na kusuuzwa baadaye, hupunguza magamba ya chokaa mabombani. Klorini nimeiacha kabisa: inaharibu mipira na kuwaua wale bakteria wanaokusaidia. Tena klorini ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu. Usizichanganye hata kidogo.

Wenzangu, tuache kufunika. Ukinunua marashi kabla ya kujua harufu inatoka wapi, unajidanganya, na wageni wako wanakustahi tu wasikuambie. Tumetumia nguvu nyingi kuzipata boti hizi. Haiwezekani mtu ajue kusoma upepo na mikondo halafu ashindwe kunusa mita tatu za mpira.

Ndugu yangu uliyeniandikia, usiuze. Jumamosi hii chemsha maji, chukua kitambaa, anza na bomba la kutolea uchafu, halafu niambie kimenukaje.