Ukitaka kutuma data kwa mwanga, anza na jicho, si na taa

Wiki iliyopita kijana mmoja alinijia kibandani kwangu Kirumba, hapa Mwanza, amebeba taa ya LED ya wati 50, zile za kufunga getini. Amesikia habari za laifai, yaani kutuma data kwa mwanga wa taa, akapiga hesabu zake: aifunge chumbani, amulike duka la kaka yake ng'ambo ya barabara, watumiane mafaili bila bando. Nilimshauri airudishe dukani kabla hajavunja boksi. Sikusema hivyo kumkatisha tamaa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua taa kama ile kwa kazi kama ile, na ilinigharimu mwezi mzima wa usiku.

Wazo lenyewe ni la kweli kabisa. Taa ya LED inaweza kuwaka na kuzimika mara mamilioni kwa sekunde, na jicho la binadamu likaona mwanga mmoja uliotulia. Ikiwaka ni 1, ikizima ni 0, na faili lolote ni mfululizo wa hizo mbili. Profesa Harald Haas, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alilionyesha hilo jukwaani mwaka 2011 kwa taa ya mezani, na jina la laifai ni lake. Lakini hata yeye hakuwa wa kwanza kuutumia mwanga kubeba ujumbe. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell na mwenzake Charles Sumner Tainter walisafirisha sauti ya mtu umbali wa mita 213 pale Washington kwa kioo chembamba kilichotikiswa na sauti huku kikirudisha mwanga wa jua. Ni mchezo uleule wa watoto wetu wa kumulikana kwa vipande vya kioo, ila kile kioo kilikuwa kinaongea.

Taa yangu ya geti ilinishinda kwa sababu mbili. Ndani yake mna saketi ya kutuliza umeme, ina kapasita, kile kipande kinachotunza chaji na kuiachia, na kazi ya kapasita ile ni kuhakikisha mwanga hautikisiki. Mimi nautikisa, yenyewe inaulainisha. Ya pili ni unga wa manjano. LED nyeupe kwa kweli ni ya bluu iliyopakwa unga huo ili mwanga uonekane mweupe, na unga hauzimi papo hapo. Unaendelea kung'aa kidogo baada ya LED kuzima. Ukiharakisha, 1 na 0 zinagandana.

Kwa hiyo nakusihi, fedha yako ya kwanza usiiweke kwenye taa. Anza na kipokezi, lile jicho la kupokea mwanga. Chukua kipaneli kidogo kutoka taa mbovu ya sola, kiunganishe na waya wa hedifoni, uchomeke kwenye spika yenye kikuza sauti chake. Washa balbu ya umeme wa kawaida, ukielekeze kipaneli pale. Utasikia mngurumo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu nyingi hupwesa, yaani huwaka na kufifia, mara 100 kwa sekunde. Siku zote ilikuwa ikifanya hivyo juu ya kichwa chako. Kisha mulika kipaneli kwa tochi ndogo na upitishe kitana katikati yao. Kila jino la kitana linalia. Siku nilipomwonyesha mtoto wa dada yangu, alikishika kitana kama dakika kumi, anakipitisha pole, anakipitisha haraka, halafu akasema, "Mjomba, kumbe kivuli kina sauti." Sijawahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo.

Kwa sauti kipaneli kinatosha. Kwa data kitakuchelewesha, kwa sababu eneo lake kubwa linashika chaji na kuiachia taratibu. Hapo nunua fotodayodi, kipande cha kielektroniki kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Ni ndogo kuliko ukucha, na ni nyepesi kuitika.

Adui anayefuata ni jua. Wengi hudhani kapasita moja kwenye waya unaotoka kwenye fotodayodi inamaliza kazi, kwa kuwa jua halipwesi na kapasita hupitisha kinachobadilika tu. Ni nusu ya ukweli. Fotodayodi ikishajaa mwanga wa jua haina nafasi ya kuona chochote kingine, na kapasita inakuja baada ya hapo. Dawa yake ni bomba. Nilikata bomba la plastiki la urefu wa mkono, nikalipaka rangi nyeusi ndani, nikaweka kioo cha kukuzia mbele na fotodayodi nyuma, mahali hasa mwanga unapokutana kuwa nukta. Sasa kipokezi kinatazama taa moja tu, hakitazami mji mzima. Kwa LED ya wati 1 yenye lenzi yake nilivuka hatua 45 kutoka kibandani hadi dirisha la jirani, biti 9,600, yaani hizo 1 na 0, kwa sekunde.

Usiitukuze kasi hiyo. Picha ya megabaiti 1 inachukua takribani dakika 14. Maandishi yanakwenda vizuri. Na ukituma 1 nyingi mfululizo kapasita itazizoea, ianze kusoma uongo. Panga kila biti ibebe badiliko, kuwaka-kuzima kwa 1 na kuzima-kuwaka kwa 0, kipokezi kisikose cha kufuata.

Mwanga haupiti ukutani. Wengine wanaliona hilo kuwa kasoro, mimi nalipenda: jirani wa chumba cha pili hawezi kudukua asichokiona. Pia laifai haizalishi intaneti, kama vile bomba la maji halizalishi ziwa. Kiwango chake cha kimataifa kilipitishwa mwaka 2023 na kinatumia mwanga wa infraredi ambao hatuuoni. Na tafadhali, usirahisishe mambo kwa kutumia leza pale watoto wanapopita. Macho hayana spea.

Kilichobaki ni cha huku kwetu ziwani. Usiku mmoja wa giza la mwezi, taa za wavuvi wa dagaa zimetanda mbali kama mji mwingine, laini yangu ya mwanga ikakatika. Nilikagua waya zote. Nilipotoka nje nikakuta wingu la vijidudu vya ziwani limejaa mbele ya LED, wengine wameganda kwenye lenzi kama unga wa mahindi. Nilifuta, wakarudi. Kesho yake nikabadili LED nyeupe, nikaweka nyekundu. Nyekundu haina ule unga wa manjano, kwa hiyo inazima upesi. Fotodayodi inaiona vizuri kuliko bluu. Na vijidudu hawaifuati sana. Usiku ule walijaa kwenye taa ya baraza ya jirani, na ujumbe wangu ukavuka wote.