Maswali ya Wasomaji: Kiti kwenye Bodi ya Shule

*Barua nyingi za safari hii zimehusu bodi za shule: wanaotaka kuingia, na walioingia wakakuta mambo si waliyoyatarajia. Tumechagua tano.*

Nina watoto wawili shuleni na ninataka kugombea ujumbe wa bodi. Sijawahi kugombea chochote. Nianzie wapi? (Mama wa wawili)

Dada yetu, anza na kanuni za uchaguzi, mabango yatafuata. Zisome mwenyewe, usitegemee masimulizi ya mtu aliyegombea zamani. Unatafuta mambo haya: viti vingapi viko wazi, muhula ni wa miaka mingapi, nani anapiga kura (wazazi tu au wakazi wote), nani haruhusiwi kugombea, na fomu zinafungwa siku gani, saa ngapi. Hilo la wasioruhusiwa usilipite haraka. Sehemu nyingi mwajiriwa wa shule, au mwenye mkataba wa kuiuzia shule bidhaa, amezuiwa, na wapo wanaoligundua wakati vipeperushi vimeshachapishwa.

Kama fomu inadai sahihi za wadhamini, hapo ndipo wagombea wapya huanguka. Zikitakiwa 50, kusanya 70. Zitakatwa tu: mdhamini hayumo kwenye daftari la wapiga kura, ameandika jina analoitwa mtaani badala ya lile lililoandikishwa, mume amemsainia mkewe, tarehe imeachwa wazi, au mtu huyohuyo alishamdhamini mgombea mwingine na kanuni zinaruhusu mmoja tu. Simama na kila anayesaini, kagua mstari wake kabla hujaondoka, na usiiachie karatasi izunguke yenyewe. Rudisha fomu siku tatu kabla ya mwisho, ili ikionekana kasoro uwe na muda wa kuirekebisha, na usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri.

Halafu hudhuria vikao viwili vitatu vya bodi kama mtazamaji, ikiwa viko wazi. Utajua kama kweli unakitaka hicho kiti.

Naambiwa bila fedha nyingi sishindi. Ni kweli? (Mgombea)

Mara nyingi si kweli, kwa sababu uchaguzi wa bodi huwa hauvuti watu wengi. Tafuta matokeo ya mara iliyopita, uangalie kura za yule aliyepata kiti cha mwisho. Tuseme alipata 180. Basi kazi yako ni kupata watu 220 unaowajua kwa majina, na daftari la kurasa chache linatosha: jina, simu, na alama ya 1 hadi 4, 1 akiwa ni wako kabisa na 4 akiwa wa mwenzako. Wenye 1 wakumbushe siku mbili kabla na tena asubuhi ya kura. Wenye 4 waache kwa amani. Ndiyo kumi si kura kumi. Kuna mvua, kuna kazi, kuna kusahau.

Kama kila mpiga kura anachagua watu watatu, usiombe akuchague wewe tu. Mwambie, “Naomba moja ya kura zako tatu.” Ombi hilo ni jepesi kukubaliwa, na ndiyo sababu kumshambulia mgombea mwenzako ni hasara: wafuasi wake wana kura mbili zaidi za kugawa.

Ahidi mambo mawili au matatu yaliyo ndani ya uwezo wa bodi, kwa mfano taarifa ya fedha kubandikwa ubaoni kila muhula. Ukiahidi kumwondoa mwalimu fulani, umeahidi kisicho chako, na likija shauri lake mbele ya bodi utatakiwa ujitoe kwa kuwa ulishamhukumu jukwaani.

Nimechaguliwa. Kabrasha la kikao lina kurasa 80 na nimelipata juzi. Nisome nini? (Mjumbe mpya)

Soma ajenda, kisha muhtasari wa kikao kilichopita, kisha taarifa ya fedha. Mengine yakikushinda, yakushinde.

Kwenye muhtasari, nenda moja kwa moja kwenye yatokanayo, yaani sehemu inayofuatilia maagizo ya vikao vya nyuma. Kila agizo lililotolewa liwe na jina la mtekelezaji na tarehe. Agizo lililoandikwa “linashughulikiwa” vikao vitatu mfululizo halishughulikiwi na mtu.

Taarifa ya fedha isome kwa ulalo: bajeti ya mwaka, matumizi hadi sasa, salio. Chukua mfano wa nusu mwaka. Kifungu cha ukarabati kilitengewa 1,200,000 na kimetumika 1,020,000, yaani asilimia 85 wakati mwaka umefika asilimia 50. Usiruke kulaumu. Kama paa lilitengenezwa lote wakati wa likizo, ni sawa. Kama ni malipo madogomadogo ya kila mwezi, fedha zitaisha kabla ya mwaka, na pengine kuna kazi moja iliyokatwa vipande ili kila kipande kikae chini ya kiwango kinacholazimisha zabuni. Omba orodha ya malipo ya kifungu hicho, uangalie tarehe na majina ya waliolipwa.

Kifungu ambacho hakijaguswa nacho kina maneno. Vitabu vimetumia asilimia 8 tu? Huenda ununuzi umechelewa, au fedha zimeshaliwa na kifungu kingine na haijasemwa. Kisha uliza mawili ambayo kwa kawaida hayamo kwenye jedwali: ankara ambazo hazijalipwa ni kiasi gani, na salio la daftari linalingana na taarifa ya benki ya tarehe ileile? Tofauti si lazima iwe wizi, kwani hundi hukaa bila kuchukuliwa, lakini lazima iwe na maelezo ya maandishi.

Maswali haya mtumie mwenyekiti au mkuu wa shule kabla ya kikao. Mhasibu aliyeulizwa jana huja na majalada. Anayeshtukizwa hujibu, “Nitaleta kikao kijacho.”

Shemeji yangu anatengeneza madawati na ameomba zabuni ya shule. Nikinyamaza tu wakati wa kupiga kura, inatosha? (Mjumbe)

Haitoshi. Tangaza maslahi yako mwanzoni kabisa mwa kikao, kabla ajenda hiyo haijafikiwa, usishiriki mjadala, toka chumbani, na hakikisha muhtasari unaonyesha ulitangaza nini, ulitoka na ulirudi saa ngapi. Mtu aliyekaa kimya mezani bado anawafunga wenzake midomo. Nani atasema madawati ya shemeji yako ni mabovu huku unamtazama?

Watu husahau akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali. Bodi ina wajumbe 9, akidi ni 5, na waliokuja ni 5. Ukitoka wanabaki 4, na katika bodi nyingi uamuzi huo utakuwa batili. Kwa hiyo mjulishe mwenyekiti mapema ili ahakikishe wanafika wajumbe wa kutosha. Na usipokee karatasi za zabuni hiyo hata kwa kuzitazama. Bei za washindani zikivuja, wa kwanza kutajwa ni wewe.

Mwenyekiti wetu anaweka hoja kwenye kundi la WhatsApp, tukijibu “sawa” anasema bodi imeamua. Na wazazi wananisimamisha njiani wakitaka nimshughulikie mwalimu. Nifanyeje? (Mjumbe mwenye simu isiyotulia)

Kwanza hilo la kundi. Isipokuwa kanuni zenu zinaruhusu uamuzi wa njia hiyo, “sawa” saba za kwenye simu ni mazungumzo tu, na mkaguzi hatazikubali kuwa kibali cha malipo. Andika kwa upole: “Naunga mkono lijadiliwe, naomba liwe ajenda ya kikao.” Kama ni dharura, kanuni nyingi zina utaratibu wa kikao cha dharura na siku za taarifa zilizopunguzwa. Angalieni pia “mengineyo”, ile ajenda ya mwisho ya mambo yasiyoorodheshwa. Jambo la fedha lisipenyezwe hapo, saa ambayo nusu ya wajumbe wameshashika mikoba.

Kwa mzazi wa njiani, sikiliza, ila usiahidi. Nje ya kikao huna mamlaka ya kumwagiza mwalimu. Mwelekeze aanze na mwalimu mwenyewe, kisha mkuu wa shule, na asiporidhika aandike barua kwa katibu wa bodi. Usikubali kusimuliwa kisa kizima, maana shauri likifika mbele ya bodi utakuwa umeshasikia upande mmoja. Jambo moja tu halisubiri ngazi hizo: mtoto akiwa hatarini, mpeleke mzazi siku hiyohiyo kwa mkuu wa shule na kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto, na anayelalamikiwa akiwa ni mkuu mwenyewe, nendeni moja kwa moja kwa mamlaka.