Kufurahia ushindi wa Qur'ani ni kiburi?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Nina miaka 16. Nimeshika nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya kuhifadhi juzuu 10. Tangu hapo najiona niko juu ya wenzangu madrasa, na nikirekebishwa na mtoto mdogo kuliko mimi natamani kumnyamazisha. Je, furaha yangu ni dhambi? Niache kushiriki? Na video yangu ya kisomo, naweza kuiweka status?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah.

Furaha yako haina dhambi. Abu Dharr (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu anayefanya jambo la kheri, watu wakamsifu kwalo, akajibu kuwa hiyo ni bishara ya muumini iliyotangulizwa (Sahih Muslim). Na Maswahaba walipoambiwa kuwa haingii Peponi mwenye chembe ya kiburi moyoni, mmoja akauliza: vipi mtu apendaye nguo nzuri na kiatu kizuri? Mtume akasema Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu (Muslim, kutoka kwa Ibn Mas'ud). Mambo mawili hayo ndiyo ya kujipimia.

Anza na kuikataa haki, maana ndipo ulipo. Mtoto anaposema, "Hapo umeruka neno," uso unawaka. Kwa umri wako mara nyingi inayowaka ni aibu: umevunjika mbele za watu. Ukitaka kujua, mwombe yuleyule akusikilize mkiwa wawili tu. Ukikubali kosa faraghani bila uzito, tatizo lako ni aibu, nayo hupungua kwa mazoea. Ukimbishia hata hapo, na msahafu uko wazi mbele yenu, basi hicho ni kiburi chenyewe, na toba yake ni kusema kwa ulimi, "Umesema kweli."

Ukirekebishwa, usijitetee. Rudi mwanzo wa aya, uisome upya kwa sauti ileile, kisha umwambie "Jazakallahu khayran." Vijana wengi hukosea hapa: hukubali kwa kunung'unika, kisha wanamvizia aliyewarekebisha naye akosee. Huko kuvizia ni mlango wa jambo la pili, dharau.

Dharau haiondoki kwa kujikemea moyoni. Wazo likipita tu, Allah amelisamehe maadamu hujalitamka wala kulitenda (Bukhari na Muslim). Lizuie kwenye ulimi: usiige kisomo cha mwenye kigugumizi, usitaje nafasi yako pasipo kuulizwa. Kisha mchukue mmoja anayesuasua, umsikilize nusu ukurasa kila siku. Ukiona jinsi anavyopigana na aya moja asubuhi nzima, huenda ukagundua ana subira usiyokuwa nayo. Na uwe na ibada moja asiyoijua mtu, hata rakaa mbili za usiku. Hiyo usimsimulie hata mama.

Ila usiende upande wa pili. Ukiulizwa umekuwa wa ngapi, jibu: "Wa kwanza, alhamdulillah." Kujifanya hujui kitu ili wakubembeleze nayo ni njia ya kutafuta sifa, na watu huing'amua upesi. Nabii Sulayman (a.s.) alipoona kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa kimewekwa mbele yake alisema, "Haya ni katika fadhila za Mola wangu" (Qur'ani 27:40). Qarun, tajiri wa kaumu ya Nabii Musa, alisema mali yake amepewa kwa ujuzi alio nao (28:78). Wote wawili walikiri kuwa wanacho. Walipotofautiana ni katika kusema kimetoka wapi.

Kuacha mashindano sikushauri. Al-Fudhayl bin Iyadh (r.h.), mwanachuoni wa zamani, alisema kuacha amali kwa ajili ya watu ni riya, yaani kujionyesha. Shiriki, ila muraja yako, yaani kurudia ulichohifadhi, ibaki kiwango kilekile baada ya zawadi kutolewa; ikishuka mara tu makofi yanapokwisha, hapo nia inahitaji kurekebishwa.

Video inajuzu kwa asili yake. Ngoja siku tatu kabla ya kuiweka. Hamu ikipoa, iache. Ukiiweka, usikae kuhesabu waliotazama, na usimnunie rafiki aliyepita bila kusema mashaallah. Ukijiona umeshaanza kumnunia, ifute siku hiyohiyo.

Wallahu a'lam.